Gambuti Nyekundu Kijitoni

Siku ya Jumatano, tarehe 15 Septemba, mwaka 2021, saa nne asubuhi, Apondi aliegesha gari lake mwanzoni mwa njia ya miguu inayofuata kijito nyuma ya mitaa ya Rooty Hill, jijini Sydney. Alikaza barakoa yake puani, akatoa simu mkobani, akaitazama kwa mara nyingine picha iliyokuwa karibu kumtoa mtu kazini.

Picha haikuwa na uso. Ilimwonyesha mwanamke kuanzia kiunoni kwenda chini: sketi ya kitenge cha kijani chenye duara za manjano, na gambuti nyekundu zilizozama topeni. Gambuti ya kushoto ilikuwa na kiraka cheupe penye vidole. Kwenye mpasuo wa sketi, juu kidogo ya goti, kilimeta kitu kidogo ambacho Apondi hakuweza kukitambua. Nyuma ya mwanamke huyo palikuwa na maji, na kando ya maji palikuwa na mti, na juu ya mzizi wa mti alisimama ndege mdogo wa kahawia. Ukingoni kabisa mwa picha, upande wa kulia, ilibaki ncha ya kiatu cha mwanamume. Kiatu chenyewe hakikuwamo, wala mwenye kiatu.

Ujumbe ulioandamana na picha ulikuwa mfupi: “Mfanyakazi wenu Emérance, mnayemdhania yuko karantini, alikuwa matembezini na mwanamume kando ya kijito Jumamosi hii.” Uliingia kwenye simu ya meneja wa nyumba ya wazee huko Granville kutoka kwa namba isiyojulikana, na kabla ya jua kutua picha ile ile ilikuwa imeshatua katika kundi la simu la wanakwaya wenzake Emérance, kutoka namba ile ile. Jumamosi hiyo Emérance alipaswa kuwa ndani ya nyumba yake, kwa kuwa mwenzake wa zamu alikuwa ameugua korona; karantini yake iliisha Jumatatu tu.

Apondi aliwahi kuwa sajini wa upelelezi mjini Kisumu. Hapa Sydney aliishi kwa kuchunguza malalamiko ya kazini kwa niaba ya makampuni, na meneja alikuwa amemwita kwa sababu mbili: anajua Kiswahili, na hana urafiki na mtu yeyote katika kwaya ile. Aliahidi kutoa jibu kabla ya saa tisa alasiri. Kama Emérance alivunja karantini, angefukuzwa siku hiyo hiyo, na hakuna nyumba nyingine ya wazee ambayo ingempokea mtu mwenye doa la namna hiyo katika mwaka wa maradhi.

Magari mengine mawili yalikuwa yameegeshwa pale. La kwanza lilikuwa dogo, jeupe, halina mtu ndani, na kioo chake cha pembeni kilikuwa kimevishwa soksi ya kiume ya kijivu. Apondi aliitazama soksi ile kwa muda, kisha akaelekea gari la pili, ambako mwanamke mmoja alikuwa amesimama nje akijikumbatia na mwanamume alikuwa ameketi ndani akiushika usukani kana kwamba gari linakwenda.

“Mama Apondi, Mungu anaona,” alisema Emérance kabla hajasalimiwa. “Ile Jumamosi nilikuwa nyumba. Hata takataka sikutupa, Aksanti ndiye alitupa.”

“Nani mwingine alikuwepo, Mama Aksanti?”

“Watoto tu. Fidèle alikuwa kazi. Meneja anasema watoto ni wangu, kwa hiyo na midomo yao ni yangu.”

Apondi aliinama dirishani. “Baba Aksanti, habari za bandarini Port Botany?”

“Kule ni kuzuri, Mama,” alijibu Fidèle bila kugeuza shingo. “Makontena hayasemaka uongo.”

“Basi uoe kontena!” Emérance alifyatuka. “Uilete nyumba, ikupikie sombe.”

“Unasikia, Mama? Ni siku nyingi anajibu hivi.”

“Ni siku nyingi unauliza swali moja!”

Apondi aliwanyamazisha kwa kiganja. Alikuwa amekuja akimshuku Fidèle kuliko mtu yeyote. Dereva wa lori mwenye zamu ndefu, mke aliyesifiwa na watu, mashaka yaliyolala chumba kimoja nao: wivu wa namna hiyo Apondi alikuwa ameuona Kisumu ukichoma nyumba. Alimsogezea simu.

“Picha hii uliipata wapi?”

“Ilianguka kwenye kundi la kwaya. Watu wote wakaona miguu ya bibi yangu.”

“Si miguu yangu!”

“Basi mabote ni ya nani?” Fidèle aligeuka kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa mekundu. “Mama, mimi sitaki maneno mengi. Unipe jina ya mwenye hii kiatu. Jina tu. Ya kubakia nitajua mwenyewe.”

Apondi aliitazama tena ncha ile ya kiatu. Kisha alimfuta Fidèle katika mahesabu yake. Picha ilikuwa imekatwa kwa makusudi, na aliyeikata alikuwa amemtoa mwanamume na kumbakiza mwanamke. Mume mwenye wivu asingefanya hivyo hata kwa kulipwa, maana huyo anayeondolewa ndiye hasa anayemtafuta. Aliyeshika mkasi huu alitaka mwanamke aadhibiwe na mwanamume asalimike. Palikuwa na mtu aliyempenda mwenye kiatu.

“Kaa hapa, Baba Aksanti,” alisema. “Mama Aksanti, nipeleke mahali picha hii ilipopigwa.”

*

Walikwenda wakiwa wameachana hatua kadhaa, kama amri ya siku zile ilivyotaka. Apondi alifungua mwavuli ingawa mbingu ilikuwa safi. Mwanzo wa machipuko ndege weupe-na-weusi wa mikaratusini hulinda viota vyao kwa kumdonoa utosini kila apitaye, na mwendesha baiskeli mmoja aliwapita akiwa amechomeka vijiti vya plastiki kwenye kofia yake ngumu mithili ya nungu.

Pande zote mbili za njia migunga ilikuwa imechanua. Maua yake ya manjano yalikuwa mengi hata majani hayakuonekana, na chavua yake ilitia rangi ncha za viatu. Chini, kijito kilipita kimyakimya kati ya mawe.

“Mlianza lini kutazama ndege?” aliuliza Apondi.

“Mwaka uliopita, wakati kanisa ilifungwa. Wainaina ndiye alianzisha. Yule muuguzi Mkenya, bwana ya Jacky. Alisema kama hatuwezi kuimba pamoja, tusikilize wenye wanaweza.” Emérance alitabasamu kidogo. “Tuko na sheria yetu. Mwenye anaona ndege wa kwanza, ndiye anamupa jina, kwa luga yetu. Mimi nimepatia majina mengi.”

“Mengi kuliko Jacky?”

Emérance alisita. “Kuliko wote. Wainaina anasemaka niko na jicho la kozi. Anasema mbele ya watu. Mimi namwambiaka, Baba, sifu na bibi yako pia.”

Walifika penye kona ambapo mvinje mkubwa ulikuwa umeinamia maji. Hakukuwa na haja ya kuulizana: mzizi ulikuwa ule ule, na ubavu wa mti ulikuwa na kovu lile lile. Apondi aliinua simu, akailinganisha picha na mahali.

Vitu vilikataa kulingana. Katika picha, maji yaliuramba mzizi. Hapa mzizi ulikuwa juu kabisa, mkavu, na kati yake na maji palikuwa na ukanda wa mawe. Katika picha kulikuwa na tope la kumeza kisigino. Hapa udongo ulikuwa umepasuka. Na mgunga ulioonekana nyuma ya mwanamke katika picha ulikuwa wa kijani mtupu, ilhali mgunga huo huo, umbali wa mkono kutoka Apondi alipokuwa, uliwaka manjano kuanzia juu hadi chini.

“Maua haya yana muda gani?”

“Tangu baridi ilikuwa bado kali.”

“Jumamosi ile yalikuwepo?”

“Yalikuwepo, Mama. Nilikuwa nayaona kupitia dirisha ya jikoni, nikiyaonea wivu wenye wanatembea.”

“Na ndege huyu, ni nani?”

Emérance aliikaribia simu, akakunja macho, kisha akapumua kwa nguvu. “Huyu? Huyu ni Bwana Harusi! Jina nilimupa mimi. Lakini hajavaa suti.”

Kana kwamba ameitwa, ndege mdogo aliruka kutoka kichakani na kutua juu ya mzizi ule ule. Kichwa na mgongo wake vilikuwa vya buluu inayong’aa, shingo nyeusi, mkia umesimama wima kama mkono wa mtoto anayetaka kujibu swali darasani. Majike wake watatu wa kahawia walidonadona chini.

“Sasa ni majira ya kuposa, amevaa suti,” Emérance alieleza. “Harusi ikiisha, mwisho ya joto, anaivua. Anakuwa kahawia kama mabibi zake. Tazama hapa katika picha: mwili ni kahawia, lakini mkia ni buluu na mdomo ni mweusi. Mabibi wako na mdomo mwekundu-mwekundu. Huyu ni yeye, ametoka harusini.”

“Kwa hiyo picha hii si ya Septemba.”

“Hapana, Mama. Ni ya nyuma. Wakati wa mvua kubwa, ile ilileta mafuriko.” Aliinua uso. “Wakati wa Pasaka.”

“Kitenge hiki je?”

“Ni kikwembe ya kwaya. Tulinunua kwa ajili ya Pasaka, wamama wote. Lakini mimi, Mama Apondi, kikwembe ninafungaka. Mama yangu kule Butembo alisema kukata kikwembe nzuri ni sawa na kukata mkate ya mgeni. Pindo yangu iko na maandishi ya kiwanda mpaka leo. Wakenya ndio wanapelekaka kwa fundi.”

Apondi aliikuza picha kwa vidole viwili. Pindo la sketi lilikuwa limekunjwa na kushonwa kwa cherehani, na upande mmoja ulikuwa na mpasuo. Maandishi ya kiwanda hayakuwepo.

“Na gambuti?”

“Hizo ni zangu. Lakini siku ya pikiniki ya Pasaka tope ilikuwa nyingi, na wamama walikuja na viatu vya kanisa. Mabote yangu yalizunguka kama sahani ya sadaka. Kila mwenye alitaka kushuka kuona kiota, aliyavaa, akarudi, akapatia mwingine. Nani na nani, siwezi kukumbuka.”

Lilibaki swali la aliyepiga. Apondi aliitazama pembe ya picha. Ilikuwa imepigwa kutoka chini, usawa wa goti, na hakuna mpiga picha anayelala topeni ili apige magoti ya watu. Alifunga mwavuli, akapiga magoti mahali ambapo jicho lile lilipaswa kuwa, akageuka nyuma. Kwenye shina la mkaratusi mwembamba, ndani ya majani makavu, kilikuwa kimefungwa kisanduku cha rangi ya magome. Kilikuwa kamera ya porini, ya aina inayojipiga yenyewe kitu kinapotikisika mbele yake. Alikifungua kwa ukucha. Betri zilikuwa zimekufa na tundu la kadi ya kumbukumbu lilikuwa tupu. Juu ya mkanda kulikuwa na jina lililoandikwa kwa kalamu nzito: WAINAINA.

“Ni hii alifungaka siku ya pikiniki, apate kuona kiota!” Emérance alisema. “Nilifikiri alishaitoa.”

Nyayo zilisikika njiani.

*

Aliyekuja alikuwa mwanamke mrefu mwenye darubini shingoni na barakoa ya kitenge cha kijani chenye duara za manjano. Alipomwona Emérance alisimama, kisha akaja polepole zaidi.

“Kumbe karantini imeisha?” alisema. “Ama niulize kama iliwahi kuanza?”

“Jacky, unajua mimi si…”

“Mama Aksanti,” Apondi alimkatiza, “nisubiri pale kwenye daraja, tafadhali.”

Emérance alikwenda. Apondi alijitambulisha na kueleza kazi aliyotumwa. Jacky aliikunja mikono yake juu ya darubini.

“Mimi sina la kusema, Dada Apondi. Mambo ya watu ni ya watu.”

“Gari jeupe lenye soksi ni lako?”

“Ni langu.” Jacky alicheka bila kupenda. “Ni huyu ndege wa buluu. Kila nikiegesha hapo anarukia kioo, anajidonoa mpaka anachoka. Anadhani kuna mwanaume mwingine ameingia kwake. Kaniharibia kioo na mavi. Nikachukua soksi ya Wainaina, nikamfunika mpinzani wake.”

“Kwa hiyo unakuja hapa mara kwa mara.”

“Kila siku. Naishi karibu, sheria inaruhusu.”

“Na kamera hii ni ya mumeo?”

Jacky aliiangalia kamera na asiiguse. “Ni yake.”

“Kadi yake iko wapi?”

“Sijui. Labda iliibiwa. Siku hizi watu wanaiba kila kitu, hata waume.”

“Ulisikitika ulipoiona picha ile kwenye kundi la kwaya?”

“Nani hangesikitika? Mama mzima, wa kwaya, ati amejitenga asiambukize wazee, kumbe yuko huku msituni ameshikwa mkono na mume wa mtu!”

Apondi alingoja. Mdiria mmoja mcheshi wa huko Australia alianza kucheka juu ya mkaratusi, akacheka mpaka mwisho wa kicheko chake, kisha Apondi akamgeuzia Jacky simu yake.

“Nionyeshe mkono,” alisema.

“Mkono gani?”

“Ulioshikwa. Picha iliyofika kwa meneja na kwa kwaya haina mkono. Imekatwa. Ina ncha ya kiatu tu. Anayejua kwamba walishikana mikono ni yule aliyeiona picha nzima.”

Jacky alifungua kinywa nyuma ya barakoa, kitenge kikaingia ndani, kikatoka. Aliketi juu ya gogo. Alipozungumza tena, sauti yake haikuwa na miiba.

“Nilichukua kadi Jumamosi ile. Nilitaka kumfurahisha, nimpelekee picha za kiota. Nikaiweka kwenye kompyuta. Picha ya kwanza kufunguka ilikuwa ya mwisho kupigwa. Nikaona viatu vya mume wangu. Nikaona gambuti za huyo. Dada, mimi nazijua hizo gambuti, nazijua hata kiraka. Kila Jumamosi ni Emérance kaona hiki, Emérance kasikia kile. Mimi nimesoma vitabu vya ndege mpaka macho yakauma, na bado ni jicho la kozi, jicho la kozi! Halafu mkono…” Alitoa simu yake. “Tazama anavyoushika. Miaka yote ya ndoa, mimi sijaona Wainaina akinishika mkono hivyo.”

Ilikuwa picha nzima. Mkono mpana wa mwanamume ulikuwa umeuchukua mkono wa mwanamke kutoka chini, kama mtu anayepokea maji kwa kiganja ili yasimwagike.

“Mumeo ulimwuliza?”

“Nimwulize anidanganye? Nilinyamaza. Nilimpikia, nikanyamaza. Yeye nilimkata kwenye picha, kwa sababu ni baba wa watoto wangu na ni muuguzi, angeharibikiwa. Lakini huyo mwingine niliona wacha akipate. Na alikuwa karantini! Hilo sikulitunga.”

“Ulijuaje kwamba picha ni ya Jumamosi hiyo?”

“Ilikuwa ya mwisho. Ya mwisho si ndiyo ya karibuni?”

“Kamera haikuandika tarehe?”

“Iliandika sufuri tupu. Wainaina hajui kutengeneza saa hata ya jikoni.”

“Kadi ilikuwa imejaa?”

Jacky alifikiri. “Ilikuwa imejaa kabisa.”

“Kamera hii hujipiga kila jani linapotikisika. Ilifungwa hapa siku ya pikiniki yenu ya Pasaka, na huku kijitoni upepo haukosi. Hebu jiulize ilichukua muda gani kujaa. Ikishajaa haipigi tena, Jacky. Ilikaa hapa macho wazi tangu Pasaka hadi betri zikafa, haikuona lolote. Picha ya mwisho ni ya siku hiyo hiyo. Picha zote unazo hapo?”

“Ninazo.”

“Ulirudi nyuma, ukatazama za kabla yake?”

“Za nini? Nilikuwa nimeshaona.”

“Rudi sasa.”

Kidole cha Jacky kilitembea juu ya kioo cha simu. Tawi. Tawi. Tawi lile lile likiyumba. Kisha miguu: wanawake watano wa kwaya katika kitenge kimoja, na sufuria la pilau nyasini, na mtoto aliyeinama kuokota yai la chokoleti. Kisha tawi. Kisha Emérance, aliyejulikana kwa kikwembe kilichofungwa kiunoni na pindo lenye maandishi, akiwa amesimama pekupeku topeni. Gambuti zilikuwa miguuni mwa mtu mwingine.

“Ni pikiniki,” alisema Jacky kwa sauti ndogo.

“Ni pikiniki. Maji yalikuwa juu, mgunga haukuwa na ua, na ndege wako wa kioo hakuwa amevaa suti. Sasa rudi kwenye picha yako ya mwisho, uikuze. Usitazame gambuti. Umezitazama vya kutosha. Tazama mpasuo wa sketi.”

Jacky aliikuza picha. Kile kitu kidogo kilichometa juu ya goti kilijaa kioo chote: pini mbili za kushikizia nguo, zimepishana kama msalaba uliolala.

Ndege wa buluu aliimba wimbo wake mwembamba, akakoma.

“Fundi wa Granville aliibana sana,” alisema Jacky hatimaye. “Nilipopanda hili gogo, ikararuka. Nikasema siendi mbele ya watu namna hii. Wainaina akatoa pini kwenye mkoba wake wa kazi. Alipiga magoti kwenye tope akanifunga. Halafu akanishika mkono nisiteleze. Emérance ndiye aliyenivulia gambuti zake. Yeye mwenyewe, bila kuombwa. Alisema, Dada, mimi nimezoea tope, wewe vaa.”

Apondi aliitazama saa yake.

“Yule ni mimi,” alisema Jacky, akilitazama lile jambo, kwanza, kwa mshangao zaidi kuliko aibu. Aibu ilikuja baadaye kidogo, ikamfanya aivute barakoa mpaka machoni. “Mungu wangu. Nimemwonea mimi mwenyewe wivu.”

“Na mwenzako anakaribia kupoteza kazi kwa ajili hiyo. Namba ya meneja unayo. Piga kwa sauti ya wazi, sote tusikie, na utaje jina lako.”

“Dada Apondi, wewe si utaandika ripoti? Kwani si inatosha?”

“Ripoti yangu itasema picha ni ya lini. Nani alituma na kwa nini, hilo utalisema wewe.”

Jacky alipiga. Alieleza kwa Kiingereza kilichonyooka, bila kujipunguzia, na alipofika kwenye maneno “yule mwanamke ni mimi” alilazimika kuyarudia kwa sababu meneja hakuyaelewa. Meneja alimwomba Apondi athibitishe. Apondi alithibitisha. Meneja alisema shauri la Emérance limefungwa, na kwamba zamu yake ya kesho iko palepale.

Emérance alikuwa ameshasogea kutoka darajani. Alikuwa amesikia. Jacky aliinuka, akapiga hatua moja kumwelekea, akakumbuka umbali wa sheria, akasimama.

“Mama Aksanti, nisamehe. Ulinipa viatu vyako.”

“Nilikupatia,” alisema Emérance. “Na wewe ukanipatia nini?”

“Sina jibu.”

“Jibu liko. Utaandika kwa lile kundi, mahali uliweka picha. Kwa jina lako. Uweke na picha nzima, wote waone pini. Msamaha tutaongea baada, nikishalala usingizi moja mzuri.”

“Nitaandika sasa hivi.”

“Andika nikiwa naona.”

Jacky aliandika akiwa amesimama, na simu ya Emérance ikalia mfukoni kuthibitisha kwamba imefika.

*

Fidèle aliwaona wakija watatu, akashuka garini. Simu ilikuwa mkononi mwake, alikuwa ameshasoma.

“Kiatu ni ya Wainaina,” alisema.

“Ni ya Wainaina,” alijibu Apondi, “na mguu ulio kando yake ni wa mke wake.”

Dereva alimtazama mkewe. Alisugua shingo. Alifungua mlango wa abiria wa mbele, akajaribu kuyawasha maneno aliyokuwa nayo, lakini hakuna lililowaka. Emérance alimpita, akafungua mlango wa nyuma, akaketi, akafunga mkanda.

“Mbele weka kontena,” alisema. “Haisemaka uongo.”

Waliondoka hivyo, Fidèle akiendesha kama dereva wa kukodiwa. Lakini kabla gari halijapinda kona Apondi aliona mkono wa Fidèle ukirudi nyuma, kati ya viti, ukiwa wazi, ukingoja. Kama ulipokewa au haukupokewa, vumbi lilificha.

Jacky alibaki kando ya gari lake jeupe. Alihitaji kioo ili arudi nyuma salama, akaivua soksi ya mumewe na kuikunja kwa uangalifu usio wa kawaida. Hazikupita pumzi tatu. Bwana Harusi alishuka kutoka mgungani, akatua ukingoni mwa kioo, akamwona adui wake wa buluu, akamrukia kwa kifua, mdomo kwa mdomo, mara nyingi, mpaka manyoya madogo yakaruka.

Jacky alimtazama kwa muda. Kisha alirudisha soksi mahali pake, taratibu, asimshtue.

“Nitarudi nyumbani kwa miguu,” alimwambia Apondi. “Wainaina alitoka zamu ya usiku, atakuwa ameamka. Nina swali ambalo sikumwuliza.”

Zilikuwa zimebaki saa mbili nzima kabla ya saa tisa. Apondi aliingia garini mwake, akafungua tarakilishi magotini, akaanza kuandika ripoti.

Nawe msomaji uliyefika hapa, usikae na habari hii peke yako. Picha iliyokatwa ilipita kwenye simu nyingi ambazo si Jacky wala Apondi anazijua, na waliotumiwa nusu hawakutumiwa wote nusu ya pili. Msomee jirani yako, mpe dada yako wa kwaya, mtumie shemeji aliye zamu. Huenda mmoja wao bado anaziona gambuti nyekundu na hajaziona pini.